Kwenda Vanga kutoka Mombasa bila gari: nijipange vipi?

Mgeni_wa_Kusi: Wadau, salamu. Tuko watatu, twatoka Nairobi, twataka kulala Vanga, mji wa pwani karibu na mpaka wa Tanzania, siku mbili. Nia ni kuona mikoko, kwenda mwambani maji yakipwa, na ikiwezekana kuvuka kwa mashua hadi upande wa Tanzania tukarudi jioni. Hatuna gari. Tuende lini, na tubebe nini?

Nahodha Mstaafu: Usitazame kalenda ya ukutani, tazama mwezi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, huwa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, nguvu zake huja siku moja mbili baadaye. Siku hizo maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukupwa kama saa nne. Kwa hiyo asubuhi mnapata mwamba mtupu, jioni mnaingia mikokoni kwa mtumbwi. Ondokeni kama saa nane u nusu, maji yakiwapandisha. Msingoje yajae, kwa sababu yakigeuka mkiwa ndani ya kijito chembamba mtumbwi hukaa matopeni na mtasubiri maji mengine.

Kila siku inayofuata ongeza dakika 50 hivi kwenye saa hizo. Mwezi ukiwa na siku nane au tisa tangu kuandama ni maji mafu: hayajai vizuri, hayakupwi vizuri. Mwamba haufunuki na vijito havijai. Ndizo siku ambazo wageni hurudi wakisema Vanga haina kitu.

Ubaya wa bamvua ni kwamba maji huingia hata vichochoroni, sehemu za chini za mji. Ulizeni nyumba ya kulala iko upande gani kabla ya kulipa.

Mama Samaki: Nauli kwanza. Feri ya Likoni kwa miguu ni bure. Likoni mpande matatu ya Lunga Lunga, si ya Ukunda, hiyo itawaacha njiani. Lunga Lunga hamvuki mpaka. Mnashika njia ya kushoto kuelekea baharini, haifiki kilomita 20, kwa matatu au bodaboda. Masika epukeni: mto Umba hushuka na maji ya Usambara, na ukifura huharibu mambo.

Viatu: vya plastiki vya kufunga kwa nyuma. Ndara hubaki matopeni, na miguu mitupu hukatwa na chaza walioshika mizizi. Wanawake leso ya kujifunga, wanaume kikoi au suruali ndefu mjini. Ijumaa mchana msitafute mtu wa kuwapeleka popote. Samaki nunueni pale wanaposhushwa, wakati vyombo vinarudi, na mpige bei kabla hawajaparwa. Wakishaparwa wamekuwa wenu.

Mpaka_Si_Mchezo: Hilo la kuvuka kwa mashua na kurudi jioni lifuteni. Wenyeji wana jamaa pande zote mbili na wavuvi hukutana majini, lakini mgeni akishuka Jasini au Moa, upande wa Tanzania, bila muhuri ameingia nchi ya watu kinyume cha sheria, hata kama alinunua nazi tu. Njia ni vituo vya mpakani vya Lunga Lunga na Horohoro, na pasipoti, na kadi ya homa ya manjano. Tena simu: karibu na kijiji cha Jimbo huruka yenyewe ikashika mtandao wa Tanzania. Chagueni mtandao kwa mkono, ama salio litaisha hamjapiga hata simu moja. M-Pesa nayo husumbua hapo, bebeni noti ndogo.

Mgeni_wa_Kusi: Shukran. Na mikoko yahitaji ruhusa?

Nahodha Mstaafu: Piteni kwa BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, kwanza, watawapa mtu. Ule msitu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu uko kwenye mradi wa kaboni, wenyeji hulipwa kwa kuitunza miti, una walinzi wake. Mkionekana na panga mtaulizwa. Kama mwataka daraja la mbao la kutembelea juu ya matope, hilo liko Gazi, mtalipita njiani. Na mkija wakati wa upepo wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, mwambani msitegemee sana, bahari huchafuka kwa mawimbi. Upepo wa kaskazi, kama Novemba hadi Machi, ndiyo.

Mama Samaki: Kaskazi ndiyo, ila Ramadhani ikiangukia humo chakula cha mchana mjipikie.