Mimba ya mapacha na hofu ya kuzaa njiti: nani alionywa mapema? Tupeane uzoefu

Mama Kijacho
Wapendwa, nina mapacha tumboni, wiki ya 21. Juzi daktari kanipima urefu wa mlango wa kizazi kwa ultrasaundi ile ya kuingiza ukeni, akasoma milimita 27. Kasema ikishuka chini ya 25 kabla ya wiki 24, hatari ya kuwahi inapanda. Tangu siku hiyo nikipiga chafya tu naguswa na woga. Mama mkwe anasema mapacha wote huwahi, nisijisumbue. Waliopitia, ilikuwaje?

Mama Kulwa
Shosti, mimi nilisoma 19 wiki ya 22. Nililia pale pale na jeli bado haijafutwa. Ila kujua kulinisaidia: nilihamia kwa dada yangu, dakika kumi tu toka hospitali yenye chumba cha njiti. Wiki ya 32 tumbo likaanza kubana na kuachia, kiuno kinavuta, nikadhani ni ugali wa jana. Kufika, njia imeshafunguka sentimita 2. Wakaanza sindano za kukomaza mapafu ya watoto, deksamethasoni, nne, kila baada ya saa 12. Zote ziliingia kabla sijajifungua. Kulwa kilo 1.7, Doto 1.5. Baba yao alikuwa akivua shati anamweka Doto kifuani kwa kangaruu, manesi wanamcheka, kitambi chake ndiyo kitanda.

Fundi Umeme
Mie nitavuruga mahesabu. Wife alipimwa 34, tukaambiwa iko vizuri. Wiki ya 35 usiku chupa ikapasuka, godoro lote maji. Kwa hiyo namba nzuri isikulaze usingizi, begi liwe mlangoni.

Mkunga wa Zamu
Wote mko sahihi. Kipimo kinasema nani yuko kwenye hatari zaidi, hakitaji tarehe. Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki 37, hapo mama mkwe hajakosea sana. Lakini wiki 36 na wiki 28 ni dunia mbili tofauti, na hiyo ndiyo hesabu yetu.

Mama Kijacho, umewahi kuzaa njiti kabla? Hilo swali lina uzito kuliko watu wanavyodhani. La pili, watoto wana kondo moja au mawili? Wanaochangia kondo moja hufuatiliwa kwa karibu zaidi, na hilo huonekana vizuri ultrasaundi ikifanywa wiki ya 11 hadi 14. Angalia kwenye kadi, wengi wetu tunasahau kuandika (najua, tunasemwa).

Mama Kulwa
Eti kulala kitandani kunazuia? Mimi niliambiwa nisishuke hata kuchota maji.

Mkunga wa Zamu
Haijathibitika kuzuia, na kulala muda mrefu kunaongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kupunguza kazi nzito sawa. Kushona mlango wa kizazi nako si kwa kila mwenye mapacha, daktari huamua kwa hali yako.

Bibie wa Kariakoo
Mimi nililazwa kitandani miezi miwili, duka likafa, nikazaa wiki ya 36 vilevile. Nina hasira mpaka leo. Hakuna aliyeniambia kwamba ute wenye damu kidogo ni wa kukimbilia hospitali, nilikaa nao siku nzima nikisubiri kliniki ya Jumatatu.

Mkunga wa Zamu
Pole dada. Ute wa damu, maji kuvuja, tumbo kubana kwa mpangilio, mgongo kuvuta chini: usisubiri kliniki.

Mama Kijacho
Asanteni. Sijawahi kuzaa njiti, na nimeikuta kwenye kadi, makondo mawili, mwandiko wa kuku. Leo nimepimwa tena: 26. Begi nimeshapanga. Mama mkwe kaliona, kaongeza kanga mbili juu bila kusema neno.