Tupeane uzoefu: Uliwahi kubonyeza "Unganisha" kwenye simu, kesho yake pochi ikawa tupu?

Fundi Redio
Wakuu salaam. Jana usiku mdogo wangu kaniletea simu, "kaka hebu angalia, hela haionekani." Kufungua pochi ya kripto (sarafu za mtandaoni) nakuta sifuri, na chini yake muamala mmoja ambao yeye hakuutuma. Nikakaa kimya. Mwaka 2021 nilikaa hivyohivyo kwenye kigoda changu pale Buguruni, navuta ukurasa chini ujifungue upya, nikidhani bando ndilo limeisha.

Langu lilikuwa dogo, laki na nusu hivi. Nilitafuta PancakeSwap, ile tovuti ya kubadilishana kripto yenye nembo ya sungura, kwenye Google nikabonyeza la kwanza lililotokea juu, kumbe ni tangazo la kulipia. Sungura yuleyule, rangi ileile, ila anwani ilizidi herufi moja. Ikaniomba yale maneno 12 ya siri yanayofungua pochi nzima, eti "kuthibitisha pochi". Nikayaandika yote, kwa mpangilio, bila kukosea hata moja.

Waliopitia waje hapa, hasa sisi wa simu. Kwenye simu ile anwani ya tovuti huioni hata nusu.

Dagaa Mchele
Maneno 12 mkuu? Hapo hukuibiwa, uligawa.

Fundi Redio
Cheka tu, ndugu. 2021 nani alikuwa anajua.

Mama wa Mapacha
Mimi maneno yangu sikumpa mtu, yapo kwenye daftari la kliniki la watoto mpaka leo. Nilisaini tu. Kulikuwa na eadropu, yaani ugawaji wa tokeni za bure, nikaunganisha pochi, likaja dirisha la "saini". Nikaangalia gesi, yaani ada ya muamala: sifuri. Nikajisemea, kama haikati hata senti basi hii haina madhara. Baada ya kama dakika tano USDC zangu 310 (moja ni kama dola moja) hazipo.

Kijana mmoja ndiye akanifafanulia baadaye. Kuna saini inaitwa permit. Wewe unasaini bure, haionekani popote kwenye mtandao, halafu mwizi anaipeleka mwenyewe na gesi analipa yeye. Kwa hiyo nilimwandikia hundi na nauli ya kwenda benki akajilipia.

Kisiki cha Mpingo
Hapo kwenye gesi sifuri nimekuelewa sana dada. Na mimi palinipata hapohapo.

Mweka Hazina Mstaafu
Sikutaka kuandika, ila hii mada imenigusa kidonda. Someni mpaka mwisho kabla ya kunitukana.

Mimi nilikuwa mweka hazina wa kikoba Mbagala. Wanachama 22, karibu wote akina mama: wa vitumbua, wa mkaa, wawili walimu. Mwaka jana, siku moja ya Machi, nikiwa sina hata senti ya kikoba kwenye simu, nilijaribu dapu moja (programu ya kripto unayoiunganisha na pochi) ya "kulima" USDT, sarafu ya thamani ya dola, yaani kuziweka zizae faida, kwenye mtandao wa BNB. Siitaji jina. Niliweka dola 20 zangu mwenyewe. Nikaunganisha, nikabonyeza "ruhusu", nikaweka. Siku tatu nikaona faida haieleweki, nikatoa dola zangu 20 zote salama kabisa, nikaenda kwenye pochi nikabonyeza "kata muunganisho". Ile tovuti ikatoka kwenye orodha. Nikalala usingizi wa mtoto.

Miezi ikapita. Shilingi ikawa inashuka kila wiki, mwenyekiti akaniuliza, "hivi hela zetu haziwezi kukaa kwenye dola mpaka tuvunje kikoba Desemba?" Nikamwambia zinaweza. Nikanunua USDT kwa watu, kidogokidogo, kwa hela ya simu. Zikafika dola 1,840 kwenye akaunti ya soko la kripto la mtandaoni. Nikasema hapa soko linaweza kufungwa, bora nizihamishie kwenye pochi yangu ambako ufunguo ninao mimi.

Nikazituma nikiwa kwenye daladala, tumekwama Mtoni Mtongani. Saa 4:12 asubuhi zikaingia. Nikaiona ile 1,840 kwa macho yangu, nikapiga skrinshoti nikamtumia mwenyekiti: "zimefika mama." Akajibu kwa kale kamkono ka dole gumba. Nikarudi kwenye pochi. 0.00. Muda unasoma 4:14.

Konda ananidai nauli, mimi namwangalia tu.

Usiku ndiyo nikaingia BscScan, tovuti inayoonyesha miamala ya mtandao wa BNB, kuangalia historia. Muamala wa kutoa haukuwa na saini yangu. Uliitwa na ule mkataba wa Machi, yaani programu inayoendesha ile dapu. Nikarudi kwenye muamala wa Machi wenyewe, ule wa "ruhusu", nikafungua maelezo yake. Kwenye sehemu ya kiasi kuna namba inaanza 115792089237316… inaendelea mpaka inavuka kioo. Nikazihesabu kwa kidole, tarakimu 78. Ndiyo maana yake "bila kikomo". Mimi nilikuwa naweka dola 20, mkataba ukaniomba ruhusa ya kuchukua USDT yoyote itakayowahi kuingia kwenye anwani ile, nami nikairuhusu. Kukata muunganisho hakukuigusa.

Dagaa Mchele
Duh.

Shangazi Kaja
Pole, lakini nikuulize: nani alikutuma hela za akina mama wa vitumbua uziweke kwenye simu yako? Mwenyekiti kuuliza swali siyo idhini ya kikao. Kuna muhtasari? Kuna sahihi? Hapo mwizi wa kwanza ni wewe, huyo wa mtandaoni wa pili.

Kisiki cha Mpingo
Shangazi taratibu. Mtu kaja kueleza, siyo kuhukumiwa.

Shangazi Kaja
Taratibu ya nini? Mama yangu yupo kwenye kikoba kama hicho. Nimeanza kuogopa hapa.

Mweka Hazina Mstaafu
Ana haki. Muhtasari haukuwepo. Nilikubali mbele ya kikao, nimesaini kulipa.

Pwagu wa Pwani
Turudi kwenye mada kabla hamjapelekana kwa mtendaji. Watu wanachanganya vitu viwili. Kuunganisha pochi peke yake ni kama kumtajia mtu namba yako ya simu: anaona anwani, anaona salio, hawezi kuchukua. Balaa linakuja kwenye dirisha la pili, la kuruhusu au kusaini. Ile ruhusa inakaa kwenye mtandao wenyewe, haikai kwenye simu, kwa hiyo hata ukifuta programu au ukanunua simu nyingine, ipo. Ni kama deni la mkopo wa simu: mwezi mzima huna hela, kimya. Siku ukiingiziwa tu, imekatwa.

Pochi nyingi zinakuwezesha kuigusa ile namba kabla ya kuthibitisha. Unaweka 20, andika 20. Usiiache kama ilivyokuja.

Mkali wa Nakuru
Ile kitu ilikuwa inimalize ni WalletConnect. Nilikuwa nafikiri ni programu unaweka kwa simu, kumbe ni njia tu ya kuunganisha pochi na tovuti, pochi yako iko nayo ndani tayari. Unaskani ule msimbo wa QR ama unabonyeza, kwisha. 2024 Check Point, kampuni ya usalama wa mtandao, walipata moja feki kwa Play Store, iko na hilo jina, imewekwa zaidi ya mara 10,000 na imekula watu karibu dola 70,000. Mimi nilikuwa nimebakisha kubonyeza "weka", simu ikaniambia nafasi imejaa. Picha za harusi ya kasini ziliniokoa wazee.

Dagaa Mchele
Kwa hiyo ushauri ni kujaza simu picha za harusi.

Nipo Muscat
Hapana, picha nazo zina lake. Mimi nilipiga skrinshoti maneno yangu 12, ikawa imekaa baina ya picha za watoto. Mwaka 2025 Kaspersky, nao ni wa usalama wa mtandao, wakaeleza habari ya SparkCat, kirusi kinachoingia na programu za kawaida, kikapekua picha na kusoma maandishi yaliyomo, kinatafuta maneno hayohayo. Nilifuta usiku ule. Halafu nikakumbuka kuwa picha zangu zote zinajihifadhi mtandaoni wenyewe. Basi nikafungua pochi mpya nikahama kabisa.

Kisiki cha Mpingo
Jamani rahisi tu: kila Ijumaa ingia revoke.cash, futa ruhusa zote, kaswali.

Mjuvi wa Mambo
Kisiki hiyo siyo kinga. 14 Desemba 2023 wezi walimnasa kwa ulaghai mtu aliyewahi kufanya kazi Ledger, kampuni ya pochi za kripto, wakatia sumu kwenye kile kipande cha kuunganishia pochi ambacho tovuti nyingi zilikuwa zinakitumia. Zilizoguswa mojawapo ni hiyo Revoke.cash. Ulikuwa unaingia kufuta ruhusa, unatoka umetoa nyingine. Tovuti halali, anwani sahihi, na bado.

Kisiki cha Mpingo
Sasa unataka tusifute?

Mjuvi wa Mambo
Futa, ila soma dirisha. Kufuta kunaandika kiasi sifuri. Ukiona kinaandika namba nyingine, kimbia.

Kisiki cha Mpingo
Si ungesema hivyo tangu mwanzo badala ya kutisha watu.

Mjuvi wa Mambo
Nimesema. Hukusoma.

Sharobaro Mstaafu
Mimi pochi yangu ina dola 2 tangu 2022. Nasaini kila kinachokuja, naunganisha mpaka tovuti za Kichina. Hakuna mwizi aliyewahi kurudi mara ya pili.

Mama wa Mapacha
😂 Lakini kuna ukweli humo. Siku hizi nina mbili: ya sokoni ina hela ya siku ile tu, ndiyo inayoonana na dapu. Ya kabatini haijawahi kuunganishwa na kitu chochote. Na ziwe na maneno 12 tofauti, msifungue akaunti mbili ndani ya pochi moja mkadhani mmejificha.

Pwagu wa Pwani
Na ukiliwa, jua kwanza umeliwaje. Kama ni ruhusa, ifute, hela nyingine hazijaguswa. Kama ni maneno 12, usihangaike kufuta kitu, ile nyumba siyo yako tena. Hata ukiweka BNB ya gesi ili uokoe kilichobaki, kuna roboti limekaa mlangoni linaifyonza.

Tumaini Urejeshaji
Habari ndugu zangu. Mimi pia nililizwa dola 9,000 nikakata tamaa, lakini kuna mtaalamu alinirudishia zote ndani ya saa 24. Njoo inbox nikuunganishe naye.

Shangazi Kaja
Kafika. Nilikuwa najiuliza kachelewa wapi.

Dagaa Mchele
Anataka "kukuunganisha". Jamani hili neno.

Mweka Hazina Mstaafu
Huyo wa inbox ndiye alinila laki tatu ya juu, wiki ileile. "Ada ya kufungulia faili." Hii sikuwahi kumwambia hata mke wangu.

Shangazi Kaja
Pole kaka. Hapo sina la kusema. Umebakiza kiasi gani kwa hao akina mama?

Mweka Hazina Mstaafu
Nalipa laki mbili kila tarehe 5. Imebaki milioni moja na laki tisa. Mama wa vitumbua nilimmalizia wa kwanza, kwa sababu napita mbele ya meza yake kila asubuhi.

Mama wa Mapacha
Fundi, umetuanzishia umetoroka. Mdogo wako alitoa maneno au ruhusa?

Fundi Redio
Nipo naye hapa dukani. Maneno hakutoa, nimemhoji mpaka kakasirika. Kuna ruhusa moja ya juzi, namba ndefu kama ya Mweka Hazina, na bado ipo wazi. Sasa ananiambia mshahara unaingia kesho na huwa anaubadilisha wote USDT palepale. Gesi ya kuifuta haifiki hata mia tano, ila pochi haina BNB hata chembe.

Dagaa Mchele
Si umrushie wewe, kaka mtu?

Fundi Redio
Namrushia. Nimemwambia asome dirisha kwa sauti kabla ya kubonyeza. Anasoma sasa hivi, yupo kwenye sifuri.