Msimamizi wa saiti: nani mwenye haki ya kusema anafaa?

Wakuu, naleta hoja tubishane.

Nilikuwa fundi nondo kwenye ghorofa moja huko Buhongwa, Mwanza. Zege la juu tulimwaga Jumamosi. Wiki ya pili tajiri akaja, akaona mirunda, zile nguzo za miti zinazoshikilia zege, bado imesimama, akauliza mbona kazi imelala. Msimamizi akamjibu, "Mzee, zege linakomaa siku 28, mirunda ya katikati haitoki leo." Huyo jamaa kila jioni alikuwa anapanda mwenyewe na mpira wa maji kulinywesha. Mwisho wa mwezi akaondolewa, eti mzito. Aliyemrithi alikuwa mwepesi kweli, hata mifuko ya saruji ikawa inapungua usiku.

Tajiri anapima kwa kalenda na mfuko wake. Mhandisi anasubiri vipande vya zege vikavunjwe maabara kupima nguvu yake. Vibarua tunapima Jumamosi, hela imetoka saa ngapi. Mimi nasema kibarua aulizwe kwanza, maana nondo zikishamezwa na zege, yeye ndiye aliyeziona.

*Mwenye nyumba, Nyegezi:* Hapana mkuu. Kibarua atamsifia anayemwacha alale kivulini. Nimewahi kulipa watu wanane siku tano, nikakuta ukuta umepanda kozi tatu tu, yaani mistari mitatu ya tofali. Halafu nimsikilize nani?

*Fundi sanifu:* Mnamwonea huyo msimamizi. Kwenye kazi kubwa kama daraja la Kigongo–Busisi, zile kilomita 3 zilizofunguliwa Juni 2025, kuna mshauri elekezi, kuna wa vipimo, kuna wa usalama. Saiti zenu mtu mmoja ndiye msimamizi, ndiye stoo, na usiku ndiye mlinzi. Akikosea mnashangaa nini?

*Jirani, Mabatini:* Mimi nondo sizijui. Mimi naishi chini ya jiwe mnalolipasua. Aliyepita alikuwa anapiga hodi asubuhi, "mama, toeni watoto." Wa sasa nasikia nyundo tu, kokoto ziko kwenye bati. Kwangu mtihani wake umeishia hapo, nyumba yenu hata iwe nzuri kama ikulu.

*Mleta hoja:* Mama, hilo sikuliwaza, nakubali. Mzee wa Nyegezi, kozi tatu ni aibu, sikatai. Ila hizo siku tano mchanga ulikuwepo?

*Mwenye nyumba, Nyegezi:* Ulifika Alhamisi.

*Mleta hoja:* Na nani alikuwa anaagiza mchanga?

*Mwenye nyumba, Nyegezi:* Mimi.