Mjadala: Kuwagawa watoto mikondo kwa uwezo wao, tunawasaidia au tunawazika?

Chaki Nyeupe
Wakuu, kila Januari hoja hii inarudi. Shule ina watoto 120 wa darasa la pili, walimu wawili, vyumba viwili. Ugawe kwa kufuata orodha ya majina, au upime kwanza, wanaosoma wakae huku na wasiojua herufi wakae kule? Mimi nasema pima, gawa. Utafiti wa Duflo, Dupas na Kremer wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa 2011, ulishaonyesha: shule zilizogawa darasa la kwanza kwa uwezo zilizipita zilizochanganya kwa 0.14 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika) baada ya miezi 18. Na hawakupanda wa juu peke yao, wa chini nao walipanda. Shule zilikuwa kama 200 hivi. Anayepinga aje na hoja, siyo huruma.

Bibi Mwandiko
Haya, bila huruma: ukigawa, 2A ni wanaosoma na 2B ni wasiojua herufi. 2B anapewa nani? Mwalimu mkuu ana walimu wawili, mmoja anafundisha hasa, mwingine anahesabu miezi ya kustaafu. Unajua kabisa nani anakwenda 2A. Katika huo utafiti wako walimu walipangiwa mikondo kwa kura. Hilo umeliruka. Ondoa kura, 2B inakuwa banda la kusubiria darasa la saba.

Hesabu Kali
Sahihisho kwa mleta mada. Shule za mradi zilikuwa 210, na 140 ndizo zilizopewa mwalimu wa nyongeza. Kulinganisha mikondo kulifanyika kwenye 121 tu, zile zilizokuwa na mkondo mmoja kabla ya mradi. Nusu zikagawa kwa uwezo, nusu kwa kubahatisha. Na lililo zuri zaidi hamjaligusa. Chukua watoto wawili waliopishana kidogo sana pale katikati: mmoja kaangukia mkondo wa juu kawa wa mwisho humo, mwingine kaangukia wa chini kawa wa kwanza. Mwisho wa mradi walikuwa sawa. Maana yake yule wa mkondo wa juu hakufaidi kwa kukaa na vipanga tu, na yule wa mkondo wa chini hakuumia kwa kuwakosa. Kilichofanya kazi ni mwalimu kufundisha kwa kiwango cha walio mbele yake.

Mzee wa Ripoti
Semeni yote basi. Huyo mwalimu wa nyongeza alikuwa wa mkataba wa mwaka mmoja, analipwa takriban robo ya mshahara wa mwajiriwa, na watoto wake ndio waliofanya vizuri. Wenye ajira ya kudumu wana pensheni, wahangaike na 2B ya nini?

Ticha wa Zamu
Mzee wa Ripoti, wewe ni wale wanaofika shuleni saa nne, wanasaini kitabu cha wageni, wanaondoka na soda. Tufanye hesabu. Darasa la watoto 96, zoezi moja la hisabati lenye maswali matano. Daftari moja dakika moja na nusu ukisahihisha kwa haki. Hizo ni dakika 144, somo moja, siku moja. Bado Kiswahili, bado azimio la kazi (mpango wa nini kifundishwe lini), bado andalio la somo ambalo wewe ndiye unalidai. Ukimkuta mwalimu ofisini saa tano na kalamu nyekundu unaandika "hayupo darasani".

Mzee wa Ripoti
Sijataja jina la mtu. Aliyeguswa kajitaja.

Ticha wa Zamu
Na aliyesema hajui chaki inapouzwa.

Kisumu Ndogo
Ndugu wa Bongo, hii ya walimu wa mkataba sisi Kenya tumeipitia, msiishangilie. Serikali yetu ilijaribu kuipanua ikaajiri karibu 18,000, chama cha walimu, KNUT, wakapinga hadi mahakamani. Wakati huo Bold, Kimenyi, Mwabu na wenzao walifanya jaribio lingine katika shule 192, matokeo yakachapishwa 2018. Pale mwalimu wa mkataba alipoletwa na shirika, alama zilipanda. Pale alipoletwa na serikali, mkataba ule ule, kazi ile ile, hakukuwa na kitu. Mishahara ilichelewa, ufuatiliaji ukawa hafifu, na walimu wenyewe wakajua watachukuliwa na TSC, tume inayoajiri walimu, baadaye. Halafu mkaja kutuiga kwenye intanship, ile ya kumpa mwalimu kazi kama mwanafunzi wa kazi, na kwetu 2024 mahakama ya kazi ikaamua kwamba kumwajiri mwalimu aliyefuzu kama intani ni kinyume cha sheria.

Bibi Mwandiko
Nani kawaiga? Huku tuna walimu wa kujitolea tangu zamani. Ila endelea.

Kisumu Ndogo
Kujitolea kwa hela ya nani? 😂

Hesabu Kali
Kisumu yuko sahihi, na kuna la kuongeza. Hata kwenye ule mradi wa mwanzo, mwalimu wa mkataba alipofika, mwenye ajira ya kudumu alipunguza kuingia darasani. Na sehemu kubwa tu ya nafasi zile zilikwenda kwa ndugu wa walimu waliokuwepo. Mpaka kamati ya shule ilipopewa mafunzo ya kusimamia usaili na kumkagua mwalimu, ndipo undugu ukapungua.

Ticha wa Zamu
Kumbe! Shemeji kaajiriwa, halafu mnasema mkataba ndiyo dawa.

Chaki Nyeupe
Wakuu, mada ni MIKONDO.

Mzee wa Ripoti
Ndiyo mada hiyo hiyo. Mkondo bila mwalimu ni foleni. Na kwa Ticha: katika utafiti ule walimu walikaguliwa kwa kushtukizwa kama wako darasani, wa pande zote mbili, siyo waliokuwa wanasahihisha tu. Wenye ajira ya kudumu waliopewa mkondo wa juu walionekana darasani zaidi kuliko waliopewa wa chini. Sasa hilo nalo ni madaftari?

Ticha wa Zamu
Ni binadamu. Mpe mtu watoto 60 wasiojua "ba be bi", kitabu cha kiada kinachoanza na kifungu cha habari, na mtihani wa wilaya utakaomfedhehesha mwezi wa sita. Kisha mlinganishe na aliyepewa wanaosoma. Halafu upige picha ya nani anatabasamu.

Bibi Mwandiko
Hapo Ticha kagusa ninachokitafuta tangu asubuhi. Mnabishana nani mvivu na hakuna aliyeuliza 2B inafundishwa NINI. Ukigawa kisha ukawapa wote azimio moja la kazi, hujagawa kitu, umehamisha madawati. Na upimaji wenyewe watu wengi wanaukosea kwa kutumia mtihani wa Novemba wa kuchagua a, b, c, d. Mtoto anabahatisha robo ya maswali.

Upimaji unaofaa ni ule wa aina ya Uwezo, ile tathmini ya kusoma na kuhesabu inayofanyiwa watoto majumbani, wa mdomo, mtoto mmoja mmoja, nje ya darasa ili wa nyuma yake asikariri. Anza na aya fupi ya sentensi nne. Akiisoma bila kukwama sana, mpe hadithi. Akikwama, rudi kwenye maneno matano, achague mwenyewe. Akipata manne, mwandike "neno". Akishindwa, herufi au silabi tano, kwa utaratibu huo huo. Asipopata, mwandike "mwanzo" na usimkaripie, maana ukimkaripia watano walio kwenye foleni watanyamaza hata wanachokijua. Dakika nne kwa mtoto. Watoto 120 ni saa nane, walimu wawili asubuhi mbili.

Hesabu Kali
Na hesabu ipimwe peke yake. Mtoto anayeuza karanga stendi anatoa chenji kichwani lakini hasomi "kuku". Ukimgawa kwa Kiswahili tu, unamrudisha kuhesabu vijiti.

Bibi Mwandiko
Sawa kabisa. Ndiyo maana mimi siungi mkono mikondo ya mwaka mzima, nataka saa moja kwa siku. Wahindi wa shirika la Pratham ndio walioanzisha utaratibu huu, Zambia wakauchukua kupitia serikali yao kwa jina la Catch Up. Kengele ikilia, darasa la tatu hadi la tano wanachanganyika, kila mmoja anakwenda kwenye kundi la kiwango chake bila kujali darasa. Saa ikiisha anarudi kwake. Kila baada ya wiki sita unapima tena, anayepanda anahama siku hiyo hiyo. Inapoharibika ni hapo: kupima kwa mara ya pili kunaahirishwa kwa sababu ya mitihani ya muhula, kundi la herufi linaganda mpaka Novemba, na watoto wameshalipa jina.

Kisumu Ndogo
Jina gani?

Bibi Mwandiko
Huku nimesikia "chekechea". Kwa mtoto wa darasa la tano.

Mzee wa Ripoti
Saa moja kila siku, makundi manne, shule ina walimu sita na mmoja yuko likizo ya uzazi. Nani anachukua kundi la nne? Tumerudi kwa mwalimu wa mkataba, tukubali tusikubali.

Ticha wa Zamu
Hela ya kumlipa itoke wapi? Ruzuku ya msingi ni 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 ndiyo inayofika. Shule ya watoto 700: 350,000 kwa mwezi. Humo utoe chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, na wewe ukija utake chai.

Hesabu Kali
Na hata ikiongezwa, ruzuku peke yake haina miujiza. Chukua jaribio la KiuFunza hapa Tanzania, 2013 na 2014, shule 350, wilaya 10. Shule zilizopewa fedha tu hazikusogeza alama, na wazazi wakapunguza walichokuwa wakimtumia mtoto kwa ajili ya shule. Zilizopewa fedha pamoja na motisha kwa mwalimu, 5,000 kwa kila mtoto aliyefaulu kila somo, ndizo zilizosogea.

Ticha wa Zamu
Elfu tano kwa mtoto! Mzee wa Ripoti, kumbe tiba ilikuwepo, ni ninyi mlioificha kwenye faili.

Mzee wa Ripoti
Na mwalimu wa 2B atakula nini kwa motisha ya kufaulu? Watoto wake hawafiki kiwango cha kufaulu hata wakipanda hatua mbili.

Hesabu Kali
Ndiyo maana awamu iliyofuata, 2015 na 2016, malipo yalipangwa kwa ngazi. Mtoto akivuka ngazi ya silabi kuna malipo, ya neno kuna malipo, na kuendelea. Kukajaribiwa pia mpango mgumu zaidi wa kumlipa mwalimu kwa kumlinganisha mtoto na wenzake aliokuwa sawa nao mwanzoni. Ule wa ngazi, ambao mwalimu anaweza kuuelewa bila mtaalamu, haukushindwa na huo mgumu.

Chaki Nyeupe
Kwa hiyo tumekubaliana kugawa?

Bibi Mwandiko
Hatujakubaliana hata kidogo. Nimesema saa moja, wewe umesema Januari hadi Desemba. Na kama mtamchukua wa kujitolea kwa kundi la herufi, karatasi za upimaji zikae kabatini kwa mwalimu wa taaluma, siyo kwenye mkoba wake. Akipata ajira kwingine katikati ya muhula anaondoka nazo, na anayekuja anaanza na "a" kwa watoto waliokwisha kufika kwenye maneno.