BAR ya Wamarekani: ni bunduki otomatiki au ni rashasha nyepesi? Tujadili

Wakuu habari zenu. Hii mada ya BAR, yani Browning Automatic Rifle, naileta kwa sababu kila ikiibuka kijiweni inaisha vilevile, mtu anasema "jina lake lenyewe linasema ni bunduki otomatiki" alafu anajiona kamaliza kesi. Mi nasema jina sio ushahidi. Na sisi Watanzania tungekua wa kwanza kulijua hilo, maana magazeti yetu miaka nenda rudi yanaandika "jambazi kakamatwa na bunduki aina ya SMG" na silaha yenyewe ni AK-47, ambayo kwa hesabu za wataalamu wengi wa silaha sio SMG kabisa, SMG ni ile inayopiga risasi za bastola. Lakini Wachina walipotengeneza AK yao, Type 56, kwenye makaratasi yao waliiweka kundi hilohilo la SMG, na jeshi letu lilipata silaha nyingi sana kutoka China, kwahiyo sioni ajabu jina likashuka kutoka jeshini kwenda polisi mpaka mtaani. Karatasi ya jeshi ndo ilitupa jina. Chuma chenyewe hakikuulizwa.

Sasa tuje kwenye BAR. Ni kazi ya John Browning, mbunifu wa silaha wa Kimarekani, aliionyesha Washington Februari 1917 wakati Marekani inakaribia kuingia vita kuu ya kwanza, na ikafika mstari wa mbele Ufaransa Septemba 1918, vita yenyewe imebakiza miezi miwili tu. Ile ya mwanzo, M1918, ilikua na kilo kama 7 na robo, magazini ya risasi 20 inaingia kwa chini, haina miguu, na ina swichi ya kuchagua: moja moja au mfululizo. Wazo lilikua askari anatembea nayo kuelekea handaki la adui, imekaa usawa wa nyonga, anapiga huku anatembea ili adui asiinue kichwa. Hapo nakubali kabisa, tena bila kinyongo, kwamba ile ni bunduki otomatiki, jina lilimkaa sawasawa, mtu mmoja, silaha moja, anatembea nayo.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye M1918A2, ile iliyopigana vita ya pili na Korea. Angalieni walichoifanya. Wakaiwekea miguu miwili mbele, uzito ukapanda mpaka karibu kilo 9, alafu, na hapa ndo naomba watu wasome taratibu, wakaitoa kabisa ile nafasi ya kupiga moja moja, wakaweka kasi mbili zote za mfululizo, ya polepole na ya haraka. Yani ukiiweka tayari, ukibonyeza na kushikilia inamimina, hamna namna nyingine labda kidole chako kiwe chepesi sana cha kuachia. Kikosi cha watu 12 wa jeshi la Marekani kilikua na BAR moja, na yule mpigaji hakua peke yake, ana msaidizi na ana mbeba risasi. Watu watatu kwenye silaha moja, kazi yao kumkalisha adui chini ili wenzao wenye bunduki za kawaida wasogee. Hiyo ni kazi ya nini kama sio ya rashasha nyepesi? Maana ndo kazi ileile aliyopewa mwenye rashasha ya Bren upande wa Waingereza, na mwenye DP kwa Warusi.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu: bunduki ilibadilika, jina likabaki palepale.

Na kwanini lilibaki? Mi naona sababu ni ya kabati kuliko ya ufundi. Wamarekani walishakua na kitu wanachokiita rashasha nyepesi, yani Browning M1919A4, ile ya mkanda inayopoozwa kwa hewa na kukaa kwenye miguu mitatu, kilo kama 14 bila hiyo miguu. Waliiita nyepesi kwa sababu kaka yake M1917 alikua anapoozwa kwa maji na ni mzigo haswa. Sasa rafu ya "nyepesi" imeshajaa, BAR ataingia wapi? Abaki kwenye rafu ya zamani. Hata 1922 walipotengeneza toleo la wapanda farasi lenye mtutu mnene na miguu, jina lake wakachanganya neno la mashine na neno la bunduki, maana yake hata wenyewe walishaona halikai vizuri huku wala kule.

Alafu tutoke nje ya Marekani kidogo. Chuma hikihiki Wapoland walikinunua, wakakibadilisha kipige risasi za milimita 7.92, wakakiita wz. 28 na jina lake kwa Kipoland ni rashasha ya mkono. Waswidi wakakiita m/21, jina lao linaunganisha rashasha na bunduki kwenye neno moja. Wajerumani walipoiteka Poland wakazichukua zile wz. 28 wakaziandika kwenye orodha yao kama rashasha nyepesi. Yani mtoto mmoja, baba mmoja, kila nyumba ina jina lake. Mtu akija na hoja ya "jina rasmi" namuuliza rasmi ya nani?

NAONGEZEA baada ya kusoma michango yenu.

Kuna ndugu kasema rashasha nyepesi lazima mtutu wake ubadilishwe haraka ukipata moto, na BAR mtutu wake haubadilishiki vitani, hivyo imefeli mtihani. Ni hoja nzuri na ndo inayotumiwa sana, na kama udhaifu wa silaha nakubaliana nayo moja kwa moja, Bren unabadilisha mtutu kwa sekunde chache na BAR ukiimimina sana inabidi uisubiri ipoe. Lakini kama kipimo cha KUNDI inaanguka. Lewis ya vita ya kwanza mtutu wake haubadilishwi vitani hivyo, na hakuna anayebisha kwamba ni rashasha nyepesi. RPK ya Warusi mtutu umefungwa moja kwa moja na wenyewe wanaiita rashasha ya mkono. Na kwa upande wa pili kiwanda cha silaha cha FN cha Ubelgiji miaka ya 1930 ilitoa toleo la BAR, Model D, lenye mtutu wa kubadilisha haraka. Je hiyo ndo ikawa rashasha na ndugu yake akabaki bunduki, wakati zinapiga mulemule?

Mwingine kasema magazini ya risasi 20 ni ndogo mno. Sawa, ni ndogo, tena kwa vile inaingilia chini mpigaji aliyelala anapata tabu kuibadilisha, wakati Bren inaingilia juu na msaidizi anaichomoa na kuweka nyingine mpigaji hajaondoa hata jicho kwenye shabaha. Lakini ZB vz. 26 ya Wacheki, ambayo ndo mama mzazi wa Bren, nayo ni risasi 20. Jina la Bren lenyewe ni Brno, mji wa Wacheki ilikotoka, na Enfield kule Uingereza ilikotengenezwa. Sasa ukiitupa BAR nje kwa sababu ya risasi 20 unamtupa nje na mama yake Bren, na Wacheki wao waliiandika wazi tangu mwanzo kwamba ni rashasha nyepesi.

Uzito nao ndo kabisa usiniletee. Wajerumani vita ya kwanza waliita MG 08/15 nyepesi, ina kilo kama 18 hujaweka maji! Baadae wakaja na MG 34, ambayo ukiiweka kwenye miguu miwili wanaiita nyepesi, ukiihamishia kwenye miguu mitatu ileile silaha wanaiita nzito. Hapo Wajerumani wenyewe wametuonyesha kwamba kinachohesabiwa ni kazi na namna ilivyowekwa.

Mzee wangu uliyesema ulitumikia jeshi, shikamoo. Umeandika kwamba askari wengi wa Marekani waling'oa ile miguu ya BAR wakaitupa na kuibeba kama bunduki tu. Ni kweli mzee, walifanya hivyo kwa sababu ilikua mizito na inasumbua, na hii ndo hoja pekee iliyonifanya nifikirie tena maana inaleta ile M1918 ya 1918 upya. Ila mzee hata alieng'oa miguu hakurudishiwa swichi ya moja moja, na yule msaidizi na mbeba risasi hawakuondoka ubavuni kwake. Mariini, yani wanamaji wa Marekani wanaopigana nchi kavu, 1944 wakaenda mbali zaidi, kikosi cha watu 13 kina BAR tatu, kila timu ya watu wanne imejengwa kuizunguka moja. Timu nzima inajengwa kuzunguka "bunduki"?

Kuhusu Kiswahili sasa, maana mmoja kauliza tuiiteje. Neno rashasha tumelipa mzigo mkubwa mno, linabeba Uzi, AK, Bren na Maxim zote humo humo. Babu zetu askari walikua na bombom, kwa mlio wake, na wale wa KEYA (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) waliopelekwa Burma na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, waliopita bonde la Kabaw 1944 kwenye mvua na matope, walibeba Bren. Mi ningependa bombom ibaki ya zile nzito za miguu mitatu, na rashasha nyepesi iwe Bren, Lewis, DP na BAR ya A2, alafu AK tuache kuiita rashasha. Mwenye babu aliyepigana Burma na anakumbuka aliitaje Bren nyumbani atuwekee hapa, hilo nalitaka kweli.

Na wale wa upande wa pili nawaomba kitu kimoja tu, leteni kipimo kitakachoitoa nje M1918A2 bila kuitoa Lewis wala vz. 26. Mkikileta nabadilisha kichwa cha habari leo leo.