Mwanangu wa darasa la tano anasema "anaenda kujitetea" mwezi wa tano, na begi limejaa makaratasi. Nisaidieni

mama_mapacha:
Hamjambo wandugu. Niko Louisville, Kentucky, tumetoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tuna kama mwaka na nusu hapa. Nina watoto wanne, mkubwa yuko haiskuli, wa pili darasa la tano halafu mapacha wanatimiza miaka mitano mwezi wa saba. Sasa tangu theluji iishe hii shule imekuwa kama inanitumia barua kila siku, begi la mtoto ukilifungua ni makaratasi, ya rangi ya pinki, ya njano, mengine yana picha ya mayai, mengine yana mistari ya kusaini na sijui nasaini nini. Mwaka jana nilisaini zote nikarudisha, baadaye nikaambiwa nimekubali kujitolea kuuza keki 😩

Kwanza saa ilituchezea. Ile Jumapili ya mwezi wa tatu saa zilisogezwa mbele kama wanavyofanya hapa kila mwaka, simu ilijibadilisha yenyewe ila sisi tunaamka na saa ya ukutani, Jumatatu tumetoka tunakuta basi la njano lilishapita zamani. Hiyo ilikuwa kosa langu nimekubali.

Lakini lililonikosesha usingizi ni hili. Kijana wa darasa la tano kaja na kusema "mama mwezi wa tano nina difensi". Difensi ni nini? Akasema nitasimama mbele ya watu wamekaa kwenye meza wataniuliza maswali na mimi nitajitetea. Jamani nilikaa chini. Nyie mliopita kambini mnajua, sisi tumehojiwa mara ngapi, mnakaa mbele ya mtu ana faili, umekosea mwaka wa kuzaliwa wa shemeji yako kesi inalala miaka. Nikamuuliza umefanya nini shuleni wewe? Umepiga mtu? Akaanza kucheka, na mimi nikazidi kukasirika.

Na kuna karatasi anasema Ijumaa wote wanaenda shule na nguo za kulalia. Nimemwambia hunidanganyi mimi.

Naomba mnieleze hiyo difensi, karatasi zipi ni za muhimu, na mapacha wanaanza lini shule. Kaka yao ndiye ananitafsiria lakini naona kuna vitu anaruka.

---

baba_wa_uvira:
Mama pole sana lakini nimecheka mpaka mke wangu ameuliza kuna nini 😂 Na sisi ilitufikia hivyo hivyo, binti yetu alipokuwa darasa la nane.

Usiogope, hakuna kesi. Hapa Louisville watoto wa darasa la tano, la nane na la kumi na mbili wanafanya hiyo kitu mwisho wa mwaka wa shule. Wanaita begi, lakini siyo la mgongoni, ni faili lake ndani ya kompyuta ya shule, anaweka kazi zake alizofanya mwaka mzima, insha, mradi wa sayansi, video, picha. Halafu siku yake anasimama mbele ya walimu na wakati mwingine watu wa nje ya shule wamealikwa, anaonesha hizo kazi na kueleza alijifunza nini na kama yuko tayari kwenda ngazi inayofuata. Anatetea KAZI yake, siyo yeye mwenyewe. Maswali yenyewe ni kama hapa palikushinda ukafanyaje, kama mlifanya kikundi wewe ulifanya sehemu gani.

Yetu alionesha chujio la maji alilotengeneza na chupa, mchanga na mkaa. Mara ya kwanza maji yakatoka meusi kuliko yalivyoingia! Alitaka kuficha hiyo picha, mwalimu akamwambia hapana, hiyo ndiyo picha nzuri kuliko zote, ianze hiyo. Na kweli ndiyo walimuuliza sana.

Kitu cha kufanya nyumbani ni kumsikiliza tu. Sisi alikuwa anasimama jikoni mama yake anapika ugali, anaongea Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, mama yake hajui hata nusu lakini anamwambia umeongea haraka, rudia. Mtoto aliyezoea kuongea kwa sauti ndogo inamsaidia sana kuliko kitu kingine. Na uliza mwalimu kama wazazi wanakaribishwa, kuna shule wanaruhusu kuingia kuangalia.

---

dada_wa_arusha:
Nimefanya ukalimani mashuleni muda mrefu kidogo (sisemi shule ipi), ngoja nikusaidie na hayo makaratasi maana kila mwezi wa tatu na wa nne ndiyo simu zinanifuata.

Cha kwanza kabisa, huyo kijana mkubwa mwache apumzike na kazi ya kutafsiri. Siyo kwamba ni mbaya, ila mtoto ataruka barua inayomsema yeye, mimi ningekuwa yeye ningeruka pia 😅 Shule ya umma Marekani inatakiwa kuongea na mzazi kwa lugha anayoielewa, bure, ni haki yako toka sheria ya haki za kiraia ya 1964, siyo hisani ya mtu. Ukienda ofisini sema maneno mawili tu, "Swahili interpreter", halafu usiondoke. Watakupigia mkalimani hata kwa simu. Kwa Louisville Kiswahili ni moja ya lugha kubwa za wanafunzi kwa hiyo hutakuwa wa kwanza kuomba, na uliza pia kama barua yenyewe ipo kwa Kiswahili, nyingi zipo ila mtoto anapewa ya Kiingereza kwa sababu mwalimu ndiyo alishika hizo.

Karatasi: tafuta tarehe na mstari wa kusaini. Ikiwa na vyote viwili hiyo usilale nayo. Kubwa ni ruhusa ya safari, kipindi hiki wanapelekwa zoo, makumbusho, na bila saini yako mtoto anabaki shuleni anachora peke yake siku nzima. Kama wanataka hela na huna, sema, usikae kimya. Shule nyingi za Kentucky zina ofisi inaitwa Family Resource, ilikuja na sheria ya elimu ya 1990, kazi yao ndiyo hiyo, nguo, viatu, miwani, hela ya safari. Watu wetu wengi wanapita huo mlango kila siku hawajui ni nini. Karatasi za picha tupu, mayai na nini, ni matangazo, weka kando. Za keki pia 😂

Mapacha: Kentucky mtoto awe ametimiza miaka mitano ifikapo tarehe 1 mwezi wa nane. Wako mwezi wa saba, wamepita kwenye tundu la sindano, wanaanza mwaka huu huu. Kinachoangaliwa ni tarehe iliyo kwenye karatasi zao, kwa hiyo angalia I-94 zao (ile karatasi ya kuingilia Marekani) leo, maana wengi wetu mnajua tulivyoandikiwa kuzaliwa tarehe 1 mwezi wa kwanza wote mpaka bibi 😄 Utahitaji kitu cha kuonesha umri, kitu cha kuonesha unakaa wapi (mkataba wa nyumba au bili), cheti cha chanjo cha Kentucky, na daktari awapime. Macho na meno pia wanataka vipimo, hivyo vinapewa muda mpaka tarehe 1 mwezi wa kwanza lakini usisubiri. Chanjo walizopata kambini zinahesabika kama una kadi, peleka kadi kwa daktari aziandike, usikubali waanze upya kabla hawajaiangalia. Na piga simu kliniki SASA, ukifika mwezi wa saba kila mzazi wa mji huu anatafuta nafasi hiyo hiyo.

---

mtoi_wa_likoni:
Mimi niko Minnesota si Kentucky lakini ya pajama ni ukweli mtupu mamaa, huyo mtoi hakudanganyi 😂😂 Kuna wiki nzima wanavaa vituko, siku ya nywele za ajabu, siku ya soksi hazifanani. Wangu nilimkatalia mwaka wa kwanza akaenda na uniform ya heshima, picha ya darasa wote wako na pajama na yeye amesimama katikati kama inspekta. Mpaka leo ananikumbusha.

Kitu kingine hakuna amesema, kuna ile mtihani ya Kiingereza ya watoto ambao nyumbani wanaongea lugha ingine, inaitwa ACCESS, kwenu na kwetu ni hiyo hiyo. Wanaifanya wakati wa baridi, matokeo yanakuja huku mwisho mwisho, karatasi ina alama toka 1 mpaka 6 kwa kusikiliza, kuongea, kusoma, kuandika. Watu wanaitupa na ndiyo inaamua kama mtoto ataendelea kupata mwalimu wa Kiingereza. Wangu alikuwa juu sana kwa kuongea, kuandika chini kabisa, na shule aliyokuwa wakati ule hakuna mtu aliniita, ni mimi nilienda na hiyo karatasi mkononi nikauliza mbona. Ndiyo wakaanza kumsaidia kuandika. Ikija usiitupe.

---

mama_mapacha:
Mungu awabariki, nimesoma zote mbele ya huyu kijana amefurahi kupita kiasi kwamba pajama imethibitishwa na watu wazima.

Nimeangalia I-94, mapacha wana tarehe yao ya kweli, mwezi wa saba, Mungu mkubwa (wamezaliwa hospitali kambini walipewa kadi). Mimi ndiyo wa tarehe 1 mwezi wa kwanza 🙈

Swali la mwisho, kuna barua inasema Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa tano hakuna shule. Ni sikukuu gani? Kijana mkubwa anasema ni ya farasi. Nimechoka na majibu yake.

---

baba_wa_uvira:
Ni ya farasi mama 😂 Mbio za farasi za Derby zilianza 1875, siku hizi ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano, na Ijumaa kabla yake kuna mbio zingine mji mzima unafunga, shule hazifunguliwi. Wadogo utaona wanatengenezwa kofia za karatasi na farasi wa fimbo shuleni.

Ila nikuonye kitu kimoja cha maana kuliko farasi. Mwezi wa nne kuna usiku wa fataki hapa mtoni, kubwa sana, vioo vya nyumba vinatetemeka. Mwaka wetu wa kwanza hakuna aliyetuambia, mama yangu alikusanya wajukuu wote akalala nao chini ya kitanda mpaka saa sita usiku. Waambie wote nyumbani mapema. Na shuleni kipindi hiki wanafanya zoezi la kimbunga, king'ora kinalia watoto wanakaa chini kwenye korido mikono kichwani. Mwambie mwalimu kama wako anaogopa milio, wanaweza kumwambia kabla.

---

dada_wa_arusha:
Hiyo ya zoezi ni kweli kabisa. Na nilisahau, kabla shule haijafungwa uliza chakula cha kiangazi, kuna vituo vinatoa bure kwa yeyote wa miaka 18 kushuka chini, hawaulizi karatasi. Na kuna kadi ya kununulia chakula cha kiangazi, dola 120 kwa kila mtoto anayestahili, ilianza 2024, ukihama nyumba iambie shule anwani mpya la sivyo kadi inaenda kwa aliyehamia pale ulipotoka.

---

mama_mapacha:
Sawa dada nimeandika yote kwenye daftari. Kliniki nimepiga, wamenipa tarehe 14.

Jana usiku kijana amefanya mazoezi. Amenikalisha kwenye kiti na mapacha pembeni yangu, amesema sisi ndiyo meza. Ameongea amemaliza, akaniambia mama uliza swali. Mimi bila kufikiri nikamwambia taja majina ya ndugu zako wote na miaka yao. Akasema mama, siyo hiyo difensi. Lakini alitaja yote bila kukosea hata moja.

Sasa pajama aliyonayo ina tundu la goti, hivi ni lazima iwe mpya?