Kulea chaza Gazi ukiishi Nairobi: meza, mbegu, na wakifika jikoni

mkaazi_southb
Wadau, salamu. Naishi South B, lakini upande wa mama tuna kiwanja kinachopakana na mikoko kule Gazi, pwani ya Kwale, na binamu yangu yuko pale kila siku. Nataka kulea chaza wachache wa kula nyumbani, si wa kuuza. Kuna mtu ameniambia wanaweza kukaa kwenye tangi la lita elfu moja hapa Nairobi mradi nitie chumvi. Ni kweli? Kama sivyo, mbegu inatoka wapi, na meza ijengwe vipi? Halafu wakishafika huku, naweza kuwala wabichi na ndimu kama hotelini?

kasimani
Tangi lisahau. Lita 1,000 za maji yenye chumvi kama ya bahari zinataka kilo 35 hivi za chumvi maalumu ya bahari. Ya mezani ni sodiamu na klorini tu, haina kalsiamu na magnesi ambazo chaza anajengea ganda. Hilo bado ni jepesi. Chaza hula kwa kuchuja mwani mdogo usioonekana kwa macho, mchana na usiku, kwa hiyo utahitaji matangi mengine ya kukuza huo mwani. Ukikosa siku chache wanaanza kukonda, na mmoja akifa maji yote yanaoza. Ukitaka mfugo wa South B, fuga kambare.

fundi_meza
Kasimani kasema kweli, nami nianzie Gazi. Kabla ya msumari wa kwanza, binamu aende kwa BMU ya hapo, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, na ofisi ya uvuvi ya Kwale. Sehemu inayofunikwa na maji yakijaa haimo kwenye hati ya kiwanja chenu hata kama mmepakana nayo.

Chaza wa kwetu ni yule wa mwambani, Saccostrea cucullata, anayeganda kwenye miamba na mizizi ya mikoko. Mbegu hununui, unaitega. Vitoto vyake huelea majini wiki mbili tatu, kisha hutafuta kitu kigumu na kujigandisha kwa ganda la kushoto moja kwa moja. Tumia vigae vya kuezekea, au vipande vya plastiki ngumu. Chovya kwenye uji mzito wa chokaa, simiti na mchanga laini kwa vipimo sawa, acha vikauke, halafu viloweke wiki nzima ukibadilisha maji ili ukali wa simiti utoke. Usiruke kuvichovya: kwenye kigae kitupu chaza hushika kiasi kwamba ukimbandua unamvunja, lakini kwenye tabaka la chokaa unalimomonyoa na yeye anatoka mzima. Ning'iniza vichache kila mwezi badala ya vyote siku moja, maana wingi wa vitoto hupanda na kushuka, na ukichelewa kigae huwa kimeshafunikwa na tope na utelezi, hakuna kinachoshika tena.

Wakifika sentimita mbili au tatu, wabandue uwaweke kwenye vikapu. Kreti za plastiki za mkate zinafaa sana ukiziwekea mfuniko wa wavu. Matundu yawe madogo kuliko chaza mdogo uliye naye, kisha uhamie matundu makubwa anavyokua. Ukibaki na madogo yanaziba kwa tope, maji hayapiti, chaza anakaa na njaa ndani ya bahari. Wasifunike zaidi ya nusu ya sakafu ya kikapu.

Sasa kimo cha meza, na hapa ndipo wengi huharibu. Usipime kwa futi. Tazama mizizi ya mikoko iliyo karibu: chaza wa porini wamejipanga kama mkanda, juu yake hakuna na chini yake ni wachache. Weka sakafu ya vikapu usawa wa katikati ya mkanda huo. Ukishuka sana, kaa, samaki aina ya taa na konokono wanaotoboa ganda wanafika muda wote, na vitu vingine vinawagandia chaza hadi wanashindwa kufunguka. Ukipanda sana wanakula saa chache tu na jua linawachemsha. Kumbuka pwani yetu kwenye bamvuo, zile siku maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, hutoka kabisa kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, jua likiwa tayari kali. Makuti juu ya kikapu yanasaidia miezi ya kaskazi.

Miguu ya meza: mvinje ni rahisi kupata lakini wadudu wa baharini hutoboa mbao, kwa hiyo hesabu kuibadilisha. Paipu ya PVC ya inchi tatu iliyojazwa zege hudumu. Chuma kitupu kinakwisha haraka. Zamisha nusu ya urefu wa mguu kwenye tope, na kama tope ni laini, zaidi ya nusu. Funga vikapu pande zote mbili. Kusi ikivuma, kikapu kilichofungwa upande mmoja hupiga meza hadi kingo za chaza zikatike, na chaza anayetengeneza kingo kila siku hanenepi.

Kila bamvuo, yaani kila wiki mbili, binamu ageuze vikapu, akung'ute tope, atoe waliokufa na konokono. Vikigeuzwa, vichafu vilivyogandia vinakauka juani na kuanguka. Tarajia mwaka na zaidi kabla ya chaza wa sentimita tano. Hao wetu si wakubwa, wala usiwapime kwa picha za Ufaransa.

mkaazi_southb
Asante sana, fundi. Binamu anasema angekata tu miti ya mikoko ya hapo hapo iwe miguu, ni imara na bure. Na kwamba masika maji yanakuwa ya hudhurungi, je, ni shida?

fundi_meza
Asikate. Mikoko iko chini ya Huduma ya Misitu na inataka kibali, na Gazi ndiyo yenye Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wenyewe unaouza hewa ya ukaa. Mtagombana na kijiji kizima kwa sababu ya miguu minane.

Masika ndiyo shida, naam. Kidogoweni na Mkurumudzi ni mito inayomwaga maji yasiyo na chumvi ghubani. Chaza hupenda chumvi ya gramu 25 hadi 35 kwa lita. Ikishuka sana hufunga ganda na kusubiri, na siku chache anavumilia, lakini wiki mfululizo karibu na mdomo wa mto zitamuua. Tafuta refraktomita, kipimo cha chumvi, ile ya kutonesha tone moja na kuchungulia, na mpime maji yakiwa yamepwa baada ya mvua kubwa, si siku ya kiangazi. Mkikuta chini ya 15, hamisha meza kuelekea mdomo wa ghuba.

mjomba_ndimu
Kwa wabichi mimi sioni tatizo. Ndimu nyingi, pilipili kidogo, unameza. Ndimu inaua vijidudu vyote, wazee walikula hivyo hivyo.

bi_tui
Mjomba, shikamoo, lakini hapo hapana. Ndimu hugeuza rangi ya nyama, haiui vijidudu kwa zile dakika za mezani. Chaza huchuja lita kadhaa kwa saa, na chochote kilichomo majini anakihifadhi: vimelea vya choo, virusi vya homa ya ini aina ya A, norovirusi ya kutapika na kuhara. Ndiyo maana asithubutu mtu kuvuna Tudor, penye majitaka ya Mombasa. Gazi ni safi zaidi, lakini hata bahari safi ina vibrio, bakteria wa asili wanaostawi maji yakipita nyuzi 20, na pwani yetu haishuki hapo mwaka mzima. Mwenye maradhi ya ini au kisukari anaweza kufa kwa hao.

Mkitaka kujua hali ya maji, pelekeni chaza wenyewe maabara ya vyakula, kumi au zaidi wakiwa hai, mkaombe kipimo cha E. koli, bakteria wa kinyesi, kwa gramu 100 za nyama. Ulaya huruhusu kuliwa moja kwa moja hadi 230. Kuwaweka kwenye ndoo ya maji safi "watapike uchafu" hakutoshi: hata mitambo yenye taa ya kuulia vijidudu, wanakokaa saa 42 Uingereza, hupunguza E. koli vizuri lakini virusi na vibrio hubaki. Na yakionekana maji mekundu ya mwani, acheni kuvuna kabisa, sumu yake haifi hata kwa kuchemsha.

Safari. Mvune kikapu kinapoanza tu kutoka majini, si baada ya saa tatu za jua, kwa sababu vibrio huzaana ndani ya chaza aliyepashwa moto. Osheni kwa maji ya bahari. Sanduku la barafu liwe na tundu chini. Panga chaza ganda lenye kina likiwa chini ili wasimwage maji yao, funika kwa gunia bichi, barafu juu ya gunia. Barafu ikiyeyuka na maji yakatuama, wanakufa, maji yasiyo na chumvi huwaua. Plastiki iliyofungwa nayo inawakosesha hewa. Basi la usiku linatosha. Asubuhi gonga kila mmoja: asiyefunga, tupa bila huruma. Waliwe ndani ya siku mbili.

Kupika, na hapa Nairobi ina jambo lake. Maji huchemkia nyuzi 94 hivi kwa ajili ya mwinuko, si 100 kama Mombasa, na kuua norovirusi kunataka katikati ya nyama ifike 90 kwa dakika moja na nusu. Kwa hiyo ile "dakika nne baada ya kufunguka" ya vitabuni usiifuate. Kwa mvuke wa sufuria ya kawaida, hesabu dakika tisa kamili baada ya kufunguka, na usijaze zaidi ya tabaka mbili, wa katikati hubaki nyuma. Asiyefunguka, tupa.

Kwa chaza 30: wapike kwa mvuke wa kikombe kimoja cha maji, watoe, chuja ule mchuzi kwa kitambaa maana una mchanga. Kaanga kitunguu kimoja, saumu punje tatu, tangawizi, nyanya mbili hadi mafuta yajitenge. Nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano, pilipili mbichi nzima. Tia tui jepesi kikombe na mchuzi uliochuja, uache upungue, ndipo chaza waingie kwa dakika mbili, mwishowe tui zito nusu kikombe huku unakoroga lisikatike. Chumvi onja kwanza, mara nyingi haihitajiki. Ndimu baada ya kuepua. Chaza wakikaa kwenye tui dakika kumi zaidi wanakuwa mpira.

mkaazi_southb
Na wa kukaanga? Mwinuko unaathiri?

bi_tui
Mafuta hayajali mwinuko, yanafika 190 hapa kama Gazi. Wafungue wakiwa wabichi, vaa glavu nzito, kingo zao zinakata kama wembe. Kisu kifupi kigumu kwenye bawaba, zungusha, kisha ukate msuli chini ya ganda la juu. Wakaushe kwa kitambaa vizuri la sivyo mafuta yatakurukia. Unga wa mahindi wenye pilipili manga, dakika tatu kamili, sita sita kwa mara moja ili mafuta yasipoe.